Kwaresima Niliyowafungisha Wadogo Zangu

Enzi zetu pale Kerege, Kwaresima ilikuwa Kwaresima. Huwaambia hivyo vijana wa siku hizi, ambao wakishapakwa majivu asubuhi, kufika saa nne wameshajipiga picha kumi, moja wamefumba macho kana kwamba wanasali. Mimi sikuwa na simu. Nilikuwa na barabara ya Bagamoyo, nayo ilinitosha.

Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa na miaka kumi na minne. Nikaacha shule darasa la sita, nikawa nakaanga mihogo kando ya barabara ili Yustina, aliyekuwa na miaka tisa, na Daudi wa miaka sita wasigawanywe kwa ndugu. Jioni watoto walicheza rede mpaka vumbi likaingia kwenye karai langu. Majirani karibu wote walikuwa Waislamu, na mwaka ule Ramadhani ilianza siku chache kabla ya Kwaresima. Kila magharibi jirani yetu Bi Mwanahawa alituletea bakuli la futari: magimbi ya nazi, tambi, na uji wa pilipili manga uliowasha koo vizuri.

Jumatano ya Majivu nilitoka kanisani kwa njia ndefu, inayopita madukani. Kitambaa cha kichwa nilikirudisha nyuma ili msalaba wa majivu usijifiche. Mihogo nikakaanga hivyo hivyo, nikimwinulia uso kila mteja. Katekista alikuwa ametuambia kwamba watoto hawalazimiki kufunga. Nikamwona amelegea. Nyumbani nikatangaza kwamba sisi watatu tutafunga siku zote arobaini, na bakuli lilipoletwa nikalirudisha na salamu kwamba nyumba hii nayo ina dini yake.

“Dada, mimi sijafunga,” Yustina alisema. “Nina njaa tu.”

Nikamwambia shetani anasema kwa mdomo wake. Nilipotoka kuteka maji na kurudi, hakuwepo, wala Daudi.

Niliwakuta uani kwa Bi Mwanahawa, wamekaa mkekani, mikono imejaa magimbi. Nikasimama mlangoni na kuwaamuru wainuke. Daudi alitazama bakuli. Yustina akasema, bila hata kunigeukia, “Mimi nalala hapa. Na kesho nalala hapa. Kwetu kuna Mungu wa kelele.”

Shule nilikuwa nimeiacha kwa ajili yake.

Bi Mwanahawa aliinuka akanijia. Akashika ncha ya kanga yake, akailowesha kwa mate kama mama afanyavyo, akanifuta paji la uso mara tatu.

“Masikini mwanangu. Umekaanga tangu asubuhi, masizi yamekujaa usoni, hata kunawa hujanawa.”

“Bibi, hayo ya kanisani,” Daudi akasema, mdomo umejaa.

Yule mama akaitazama kanga yake, akajishika kifua. “Nisamehe, mwanangu, sikujua. Kwani yana maana gani?”

Ilibidi nimjibu, nimesimama na kiburi changu kimefutwa nusu. “Yana maana mimi ni mavumbi, Bibi.”

Akanitazama toka juu hadi chini. “Basi mavumbi, kaa chini ule.”

Nikakaa. Yustina alicheka mpaka uji ukampalia, nami nikampiga piga mgongo, nikamwomba radhi papo hapo. Alinisamehe kwa masharti: yeye hafungi, na mimi nikifunga nisiseme. Usiku ule alilala kwetu.

Mwaka huu mifungo imegongana tena. Bi Mwanahawa hayupo, Mungu amrehemu, na uani kwake pamejengwa ukuta wenye vipande vya chupa juu. Siku hizi futari huja kama picha kwenye simu, na picha haishibishi. Mimi sasa ni kiongozi wa akina mama kanisani. Juzi walisimama wakanisifu kwa unyenyekevu, nami nikainamisha kichwa, nikiangalia kwa chini kama wote wamesikia.

Zamani jirani angeingia kwangu bila hodi akanifuta uso. Sasa inabidi nimpigie Yustina, ambaye ana wajukuu, nimsimulie nilivyosifiwa. Huniacha nimalize vizuri, kisha huniuliza kama leo nimekula.