Wazee Hawatoshi Kwenye Mjerumani Wake, Sasa Anataka Van Yangu

Admin, ficha jina langu na sura yangu, lakini magari usiyafiche. Mwenyewe akisoma nataka ajue ni yeye.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, naishi Riruta. Huu ni mwaka wetu wa kumi na moja kwenye ndoa. Nyumbani tuna magari mawili. La kwanza ni la mume wangu, Mjerumani mweusi mwenye viti vya ngozi, mzee wa kutosha kuchukua kitambulisho. La pili ni van ya abiria, viti kumi na vinne, bado inanukia upya. Hiyo naiendesha mimi. Asubuhi napeleka wanafunzi shuleni Jamhuri, wikendi nabeba kwaya na akina mama wa chama chetu cha akiba.

Mume wangu hupenda kuyalinganisha wageni wakija. Husema mlango wa Mjerumani ukifungwa unasikia heshima, wa van ukifungwa unasikia kondakta. Wageni hucheka, nami hucheka. Sisemi kwamba mvua ikinyesha huyo Mjerumani hukwaruza tumbo kwenye barabara yetu, wala kwamba mafuta anayokunywa yanatoka kwa jasho la van.

Tulipoinunua, alikataa kabisa iandikishwe kwa jina lake. "Weka jina yako tu kwa logbook," akaniambia. "Watu wa job wakisikia niko na gari ya kubeba watoto wataniona aje?" Nikaweka langu. Hadi leo hajui alinipa nini.

Sasa wiki jana alirudi nyumbani mpole, akanipikia chai, jambo ambalo sijaliona tangu tuoane. "Mama Terry, Jumamosi ya wiki ijayo nitahitaji van. Wazee wanatoka ushago, tunaenda matanga Dagoretti. Kuna beshte yangu amefiwa na bibi."

"Si nitawapeleka?"

"Zii, wewe pumzika. Cousin ataendesha. Niachie tu ufunguo."

Nilimhurumia huyo rafiki jamani. Nikaahidi hata kupika chapati za kubeba.

Jumanne dada mdogo wa mume wangu, ambaye tumependana tangu niolewe, akanipigia simu akilia. "Sister, nimeshindwa kunyamaza. Hakuna matanga. Wanapeleka mahari ya msichana mwingine. Na kwa kina huyo msichana amesema wewe ulikufa, anatafutia watoto mama."

"Na wajomba zenu, hao wazee wanaoenda naye, wanajua?"

"Wanajua. Wameambiwa wasitaje jina yako."

Sikulia. Nilikasirika. Wajomba hao nimewapikia kila Krismasi, nimewaachia kitanda changu nikalala sakafuni. Leo wamekubali kunizika nikiwa hai, tena wapelekwe huko kwa gari langu.

Na shida yake naielewa vizuri. Kwa kina huyo binti mwanaume hapokelewi bila wazee wake. Mjerumani anabeba watu wanne na maringo. Wazee ni tisa, na kuna mablanketi na sukari juu yake. Tena dada yake anasema ameshajigamba kwa wakwe wapya kwamba van pia ni yake, kwa hivyo hawezi kufika na ya kukodisha. Heshima yake yote sasa inategemea gari la watoto.

Rafiki yangu ananiambia nimnyime ufunguo nimwachie Mungu. Samahani, Mungu atangoja kidogo. Nikimnyima atatunga uongo mwingine, aende mwezi ujao. Mimi nataka aaibike mbele ya wale aliowadanganya, na wajomba wawe wamekaa hapo wakiangalia viatu vyao. Kinachonizuia ni watoto tu, maana huyo ni baba yao na mambo kama haya hufika shuleni kabla ya kengele. Yeye bado ananipikia chai. Nainywa, nasema asante.

Leo ni Alhamisi, kwa hivyo nishaurini haraka ndugu zangu, nifanye nini? Nifiche ufunguo, au nishike usukani mwenyewe, niwafikishe wazee hadi langoni, nishuke na logbook mkononi, nisalimie wenyeji mmoja mmoja, nijitambulishe kwamba mimi ndiye marehemu?