Kibuyu Nilichokibadilisha kwa Ndoo

Nilipokuwa mtoto, kwetu karibu na Issuna, hakuna kitu kilichonitia hofu kama kibuyu cha mbegu cha bibi yangu, mama yake baba. Kilining'inia juu ya mafiga, cheusi kwa moshi, shingoni kimefungwa nyuzi za shanga, na ndani yake bibi alitunza mbegu ya uwele ya msimu ujao. Alituonya kila mara, "Siku kibuyu hiki kikitoka nyumba hii, moto utakataa kuwaka." Watoto wa wenzetu walitishwa kwa fisi, sisi tulitishwa kwa kibuyu.

Zilikuwa enzi za ruksa. Baada ya miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, ghafla magulio yalijaa mitumba, redio na vyombo vya plastiki vya kila rangi. Ndipo akaanza kupita kijana mmoja mwenye pikapu, akitoa ndoo mpya na kuchukua vibuyu na vigoda vya zamani. Ilisemekana anavipeleka Arusha kwa wazungu. Tulimcheka sana. Mtu na akili zake anatoa ndoo achukue masizi!

Siku aliyofika kwetu, bibi alikuwa shambani. Nilikuwa na miaka tisa, mjuaji kupita kiasi. Nikaiona ndoo nyekundu yenye mfuniko, nikamfikiria bibi na ule mtungi wake mzito wa kisimani, nikasema leo nitapewa baraka zote. Nikamimina mbegu kwenye ungo, nikatoa kibuyu. Kijana alikipokea haraka haraka, hata hakukikagua. Hapo tu nilipaswa kushtuka.

Jioni, kabla sijamwonyesha bibi ndoo, moto ukakataa. Bibi alipuliza, akabadilisha kuni, akapuliza tena mpaka machozi yakamtoka. Moshi mtupu. Leo najua kuni zile nilizileta mimi, mbichi, kwa haraka yangu ya kurudi kuitazama ndoo. Lakini nenda kamweleze hivyo mtoto aliyekwisha kuiona kamba tupu juu ya mafiga! Nikaangua kilio kabla sijaulizwa.

"Bibi, nimekitoa mimi."

Akainua macho juu, akaona. Nilingoja fimbo. Bibi akakaa chini palepale penye majivu. Mwishowe akasema, "Kesho ni gulio. Tutakwenda wote."

Tulifika Issuna jua halijawa kali. Bibi alikuwa amebeba ndoo kichwani, haijatiwa hata tone la maji. Pikapu ilikuwa imesheheni magunia, na kijana yule alikuwa akifunga kamba aondoke.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo yako hii. Nimefuata kibuyu changu."

"Aa, bibi, vimeshachanganyika. Na vyote vinafanana."

"Kwako," bibi akasema.

Sijui kwa nini kijana alikubali kufungua magunia. Labda alitaka ayamalize haraka. Bibi akawa anatia mkono bila kutazama, anapapasa shingo za vibuyu moja moja. Kwenye gunia la tatu akakitoa.

"Nitajuaje kama ni chenyewe?" kijana akauliza. Watu walikuwa wameanza kujaa.

Bibi akashika uzi wa kwanza. "Huu mweupe ni wa Binti Ntandu, mama yake baba mkwe wangu. Mwaka wa njaa alilala na watoto wanalia, na mbegu ya humu hakuigusa. Huu wa buluu ni wa mama mkwe wangu, Binti Msengi. Tulipohamishwa kwenda kwenye kijiji kipya, aliacha kitanda, akabeba hiki. Huu mwekundu ni wangu mimi."

Kijana akavua kofia. "Nenda nacho, bibi. Na ndoo chukua tu."

"Hapana. Yako ni yako."

Jamani, nilijivunia bibi yangu siku ile! Nilikuwa nimekiogopa kibuyu kile maisha yangu yote, na hakuna aliyekuwa ameniambia kuwa kina watu ndani yake. Njiani nilimsihi anitajie tena yale majina, naye akayarudia mpaka nikayashika.

Miaka mingi baadaye, alipokuwa hoi kitandani, bibi aliagiza nipewe mimi kibuyu. Shangazi zangu waling'aka. Desturi ni kukirithisha kwa mke wa mwana, siyo kwa binti atakayekwenda kwa watu, tena binti huyuhuyu aliyekitoa kwa ndoo!

"Ndiyo maana," bibi akawajibu. "Ninyi hamjawahi kukikosa."

Sijui kama moto una masikio. Ninachojua ni kwamba bibi angeweza kunichapa, nikabaki na woga tu. Badala yake alinichukua hadi gulioni, nikasikia majina. Sasa kibuyu kiko kwangu Singida mjini, na binti yangu ana miaka tisa. Sijamtisha hata siku moja. Kila msimu namketisha chini, namwekea kibuyu mapajani, namwambia, "Haya, tuanze na Binti Ntandu."