Tumbo Lisiguswe

Nilichagua mada ya mwaka wa mwisho chuoni kwa sababu moja tu: ilihusu ugonjwa ambao sikutarajia kukutana nao. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikisoma habari za malaria naumwa kichwa. Nikisoma za kisukari naanza kuchunguza safari zangu za msalani. Kwa hivyo nikachagua saratani ya figo inayowapata watoto wadogo, nikijua kwamba mimi si mtoto tena, na mtoto sina. Nikaandika kurasa nyingi juu ya alama za kimolekuli, yaani zile dalili ndogo ndani ya jeni za uvimbe zinazoweza kumdokezea daktari kama uvimbe huu ni mpole au mkorofi, kama utarudi au hautarudi. Niliandika yote hayo bila kuuona uvimbe wowote. Mashine ya kupimia vitu hivyo ilikuwepo maabara, lakini imefunikwa kitambaa, kama redio ya marehemu.

Nikafuzu, nikarudi nyumbani Magogoni, kazi sina. Nikawa nawafundisha baiolojia watoto wa majirani. Mama hakuona aibu. Kila aliyemuuliza mwanawe kasomea nini alimjibu, "Kasomea figo." Mtaani hilo lilitosha. Mzee mmoja alinisimamisha nje ya msikiti akanisimulia habari za mkojo wake mpaka chakula kikapoa nyumbani. Nilimshauri anywe maji mengi, kisha nikashinda nikiwaza: je, kama hakutakiwa kunywa maji?

Dada yangu mkubwa alikuwa akiishi nasi pamoja na binti yake wa miaka mitatu. Asubuhi moja alikuwa akimwogesha uani, akaniita kwa sauti isiyokuwa yake.

"Hebu ndoo uone. Tia mkono hapa."

"Wapi?"

"Kushoto, chini ya mbavu. Pagumu."

Sikutia mkono. Nilisimama na mswaki mdomoni. "Yuwalia ukimgusa?"

"Halii. Acheka. Asema namtekenya."

Mama akatoka jikoni, akapapasa, akatoa hukumu palepale. "Bandama hilo. Nimewaona wangapi! Akandwe kwa mafuta ya nazi ya moto, litarudi mahali pake."

Nilikuwa na la kusema na, ajabu kwangu, nilisema bila kuchelewa. Tatizo ni kwamba nilisema yote. Nilianza na kromosomu ya kumi na moja. Nikapitia jinsi figo inavyojengeka mtoto akiwa bado tumboni mwa mamake, nikagusia jeni mbili tatu, nikataja alama ambazo wanasayansi wenyewe hawajakubaliana kuzihusu, nikatahadharisha kwamba huenda nimekosea, nikarudi mwanzo. Mtoto alikuwa bado amesimama ndani ya beseni, povu likimkaukia kichwani.

"Sasa wasema nini?" dada akauliza.

"Nasema kuna uwezekano..."

"Wasema nini, weye? Ni bandama au si bandama?"

"Mpeleke hospitali," nikasema. "Leo."

Kumbe ningeanzia hapo.

Alimpeleka. Kituo cha afya kikamtuma akapigwe picha ya tumbo, na picha ikamtuma hospitali kubwa ng'ambo ya daraja. Nikafuatana naye. Huko daktari wa watoto, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alituketisha akatuambia kwamba figo ya kushoto ina uvimbe, na anadhani ni saratani ileile niliyoijazia kurasa. Mtoto ataanza dawa za kuupunguza, halafu atapasuliwa, figo itolewe pamoja na uvimbe wake. Wakiwahiwa, wengi hupona, alisema. Kisha akainua kidole.

"Lakini nisikilizeni. Asibonyezwe tumbo. Asikandwe. Uvimbe huu umefunikwa na kitu kama utando mwembamba. Ukipasuka, saratani itamwagika tumboni na kazi yetu itakuwa ngumu zaidi. Nautaka utoke mzima."

Dada, ambaye hufundisha shule ya chekechea na hawezi kukosa kwenda kazini kila siku, akanigeukia. "Umesikia? Tumbo ni lako."

Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza ya kisayansi.

Asiyekaa kwetu anaweza kuiona kazi nyepesi. Kwetu mgonjwa hatazamwi kwa macho tu. Anayekuja kumjulia hali humshika paji la uso, humpapasa panapouma, humsomea dua mkono ukiwa palepale. Ni mapenzi hayo. Habari zilipofika hadi mtaa wa Frere Town kwamba mtoto ana kitu tumboni, kila aliyekuja alitaka kukihakikisha kwa vidole vyake. Mke wa jirani alinyoosha mkono, nikaruka. Shangazi yangu wa Bombolulu aliingia mkono ukiwa umenyooshwa tangu mlangoni. Nikajitia kati, akanipapasa mimi.

Nilijaribu elimu. Nilichora figo na uvimbe kwa kalamu za rangi, nikabandika ukutani sebuleni. Shangazi aliusifu mchoro: "Embe zuri hilo." Nilijaribu hotuba, nikaeleza kwamba uvimbe ni kama yai lisilo na ganda gumu, na wageni wakaitikia "ehe, ehe," huku mikono ikizidi kusogea. Nilijaribu kumpakata mtoto kutwa nzima, mikono yangu nimeizungusha mbele yake bila kumgusa, kama mtu aliyebeba sinia la vikombe. Kisha nikaanza kuwaza: je, akikohoa? Na akicheka? Nikamwomba asicheke. Mtoto wa miaka mitatu akiombwa asicheke, hucheka mpaka akaanguka.

Halafu akaja mkandaji.

Huyu ni bibi aliyemkanda mama yangu baada ya kila uzazi, akamkanda dada, akanikanda na mimi. Hakuna aliyemwita, yeye haitwi. Aliingia na buibui lake na chupa ya mafuta ya nazi aliyokwisha kuyapasha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mlaze mkekani."

Mama alikuwa jikoni akijifanya hasikii. Moyoni alikuwa bado na bandama lake. Nikabaki mimi, bibi na chupa.

"Bibi, daktari amekataza."

"Amekataza nini? Mimi simkati. Namkanda."

"Ni huko kukanda kwenyewe. Kuna utando, bibi, ambao umezunguka..."

"Nani alokukanda weye, ulipozaliwa shingo imepinda?"

"Ni wewe."

"Shingo si imenyoka?"

"Imenyoka, bibi, lakini..."

"Basi mlaze."

Kichwani nilikuwa na maneno ya kujaza maktaba ndogo, na hakuna hata moja lililomfaa mtu aliyepiga magoti mbele yangu akijipaka mafuta viganjani. Nikamnyanyua mtoto kwa makwapa, nikarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga kabati. Nadhani macho yalikuwa yamenitoka, kwa sababu bibi aliacha kujipaka mafuta akanitazama. Kisha uso wake ukalainika, ukawa uso wa mtu aliyeshirikishwa siri.

"Aa," akasema polepole. "Ni jicho."

Nikamwinua mtoto juu kidogo.

"Kuna mtu ana jicho baya, na hamumjui ni nani. Ndiyo maana hamutaki mkono wa mtu. Si ungesema mapema, mwanangu, badala ya kunambia mambo ya utando?"

Hapa lazima nieleze tabia yangu. Mimi ni msahihishaji. Namsahihisha mtangazaji wa redio. Nimewahi kumfuata muuza samaki kumweleza kwamba pweza si samaki. Jibu lilikuwa tayari ulimini: hapana, bibi, sayansi haina jicho. Nikalimeza. Lilishuka kama mwiba wa samaki changu.

Bibi akaifunga chupa yake, akavuta kigoda mpaka mlangoni, na hapo akawa anakaa kila alasiri.

"Hakuna mkono!" aliwaambia wageni kabla hawajavua viatu. "Dua someni kwa mbali. Mungu hana uziwi."

Na watu walewale niliowachorea figo kwa rangi wakaiweka mikono nyuma kwa adabu. Shangazi aliikalia yake. Mtaani ikasemwa kwamba yule kijana wa figo, pamoja na kusoma kwake kote, aogopa husuda. Wanafunzi wangu waliniuliza kama jicho litakuja kwenye mtihani.

Dawa zilimchosha mtoto. Nywele zilimtoka, akawa wa kulala tu, akakataa hata mahamri. Dada aliingia msalani akatoka uso umeoshwa, na sote tukajifanya ni joto. Mimi nilirudi kwenye andiko langu la chuoni nikimtafuta mtoto wetu ndani yake. Nilikuta vipande vya kromosomu vilivyozidi, vipande vilivyopotea, na mbele ya kila kimoja neno "huenda," nililokuwa nimelimwaga kwa madaha kama chumvi. Sasa nilitaka kipimo. Nilijiaminisha kwamba tukizijua alama za uvimbe ule, nitaweza kupumua.

Nikamfuata daktari kwenye ukumbi wa wodi na swali nililolifanyia mazoezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nyumbani halijawahi kutokea.

"Kipimo hicho hapa hatuna," akasema. "Uvimbe utatazamwa kwa darubini, na hiyo itatuambia mengi. Kutuma kipande nje kwa ajili ya alama, siwezi kukuahidi."

"Bila alama tutajuaje kama utarudi?"

"Na ukiwa nazo, utajua?"

Jibu nilikuwa nimeliandika mwenyewe, tena kwa herufi za mlazo. "Huenda," nikasema.

"Haya. Tumbo vipi?"

"Halijaguswa."

"Hata na bibi zake?"

"Hasa hao."

Alikuwa ameshaanza kuondoka, akasimama. "Umewaambiaje? Mimi kila siku nasema, hawanisikii."

Nikamwambia nilitumia lugha nyepesi.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi nje ya chumba. Mama alikuwa na tasbihi. Bibi mkandaji naye alikuja, akaketi karibu na mlango kwa mazoea, akimkodolea macho kila muuguzi aliyepita na mikono yake. Mimi nilikuwa nikifikiria utando: nani alimshika, lini, mimi nikiwa wapi. Mpasuaji akatoka akivuta barakoa chini.

"Umetoka mzima," akasema. "Haukupasuka popote."

Dada alikaa sakafuni. Mama akaiangusha tasbihi, na badala ya kuiokota akanishika mkono wangu, akaubana mpaka ukaniuma. Bandama hakulitaja tena.

"Si nlisema?" bibi akaniambia. "Jicho halikumpata."

Niliipima sentensi hiyo kila upande, nikaona haina kosa. "Wallahi, bibi, halikumpata."

Darubini ilisema si ile aina kali. Alama za kimolekuli mpaka leo sizijui. Nazifikiria nikipiga mswaki, na mtoto hupita uani akikimbiza paka, nywele zimeota, zimekuwa ngumu kuliko za mwanzo.

Dawa zilipokwisha, tukawa tunampeleka kliniki. Mara ya kwanza daktari yuleyule alimlaza kitandani, akampandisha blauzi, kovu likaonekana, akasugua viganja vyake vipate joto, akaupeleka mkono tumboni ambonyeze. Sijui nilifikaje. Nilichokiona ni vidole vyangu vimeshika kifundo cha mkono wa daktari, na sauti yangu imejaa chumba: "Usimguse!"

Dada akajifunika uso kwa mtandio. Mtoto, chali, akanitazama kwa subira ya mtu mzima.

"Muwate mkono, mjomba," akasema. "Huyu hana jicho."

Daktari akanitazama mimi, akamtazama dada, akanirudia mimi.

"Jicho gani?"

Nikamwachilia mkono, nikakohoa, nikaanza na kromosomu ya kumi na moja.