Hitima Iliyongoja Kombe

Mimi Sele nina banda la mpira hapa Tongoni, na ulimi wangu unajulikana. Ukisimama mbele ya televisheni nakutoa kwa maneno, uwe mzee uwe kijana. Mtu ambaye sikuwahi kumfokea ni mmoja tu, Bi Kijakazi, naye bandani mwangu aliingia mara mbili katika maisha yake.

Ni mama mfupi, mkulima wa mwani. Viganja vyake vimepasuka kwa chumvi na kamba, na mdomo wake, wallahi, wangu una nafuu. Alizaa watatu, wawili wakafa wachanga, akabakiwa na Mudathir. Huyo alikuwa na mguu wa kushoto ambao Tanga nzima iliusikia. Akaja wakala na suti yake, akamchukua kwenda kufanya majaribio katika klabu moja kubwa ya Waarabu huko kaskazini mwa Afrika. Tulimsindikiza kwa vigelegele. Akawa anapiga simu, kisha simu zikapungua. Ya mwisho alimwambia mama yake, "Wamesema nisubiri. Wewe mama angalia televisheni tu, utaniona."

Basi, kimya. Mwaka wa sita huu.

Katikati hapo kijana mmoja wa Moa alirudi kutoka huko huko. Akamwambia Mzee Zubeiri, baba yake Mudathir, kwamba klabu ilimkataa mtoto siku nyingi, na kwamba alimwona kwa macho yake akipanda kiboti cha kujaza upepo kuvuka kwenda Ulaya. Kiboti kile hakikufika. Mzee Zubeiri alikaa kitako siku ile, kesho yake akataka mtoto asaliwe sala ya ghaibu na asomewe hitima. Mkewe akamjia juu.

"Umeuona mwili?"

"Sikuuona."

"Basi hiyo hitima isome peke yako na pilau yake ule peke yako."

Wakaishi hivyo, nyumba moja, chungu kimoja, baba ana mtoto marehemu na mama ana mtoto hai. Hata dua ya kuomba mvua mzee akinyanyua mikono, mkewe alikuwa anamtupia jicho asije akamtaja Mudathir pamoja na waliotangulia.

Ndipo klabu ile ikachukua ubingwa wa Afrika. Bi Kijakazi akaja kwangu asubuhi, ndoo ya mwani kichwani.

"Mwanangu Sele, nasikia wanakwenda kwenye kombe la dunia nzima."

"La mabingwa wa mabara, Bi Kijakazi. Kila bara na bingwa wake. Mtoano huo, ukifungwa unafunga virago."

"Na wataoneshwa wote? Hata wa akiba?"

"Wote."

Akaenda moja kwa moja kwa mumewe, akamwambia mbele ya imamu: "Mtoto alisema nimwangalie kwenye televisheni. Nitamwangalia. Wakitolewa bila mimi kumwona, soma hitima yako, na pilau nitapika mimi." Mzee Zubeiri akakubali.

Sasa hapa Tongoni mwanamke haingii kibanda umiza kama hiki changu. Hakuna aliyekataza, ni haya tu. Siku ya mechi ya kwanza, dhidi ya bingwa wa Asia, yeye aliingia na buibui lake, watu wote wakazima sigara. Nikampa benchi la mbele. Mpira wenyewe hakuutazama. Goli likiingia watu wanaruka, yeye anauliza, "Mbona hawaoneshi walioketi?" Kila kamera ikipita kwenye benchi la akiba anainuka, ikiondoka anakaa. Mimi roho iliniuma nikajifanya natengeneza waya.

Miraji, kijana wa bodaboda mwenye maskhara mengi, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Kamera ilipita mbali, akaropoka, "Yule pale! Namba ishirini na nne, mwenye kizibao cha kijani! Mudathir yule!" Na wenzake, Mungu awasamehe, wakaitikia, "Ndiye! Ndiye kabisa!" Walitaka kumfurahisha mama wa watu. Kwetu mama akilia lazima umpe neno, hata kama huna.

Timu ilishinda. Bi Kijakazi alipiga kigelegele kutoka bandani hadi mlangoni kwake.

Asubuhi Mzee Zubeiri akaja. Sikumwacha hata akae.

"Shikamoo, mzee. Sikumwona. Miraji ndiye aliyesema, na Miraji hajui analosema."

"Marahaba. Najua, Sele. Usimwambie mama Mudathir. Mwache alale usingizi siku hizi mbili tatu." Kisha hakuondoka. Alizungushazungusha kofia mkononi, akauliza, "Lakini huyo ishirini na nne, ni mrefu?"

"Ni mrefu kidogo, mzee."

"Mudathir alikuwa mrefu," akasema, akaenda zake.

Mechi ya pili walikutana na bingwa wa Amerika ya Kusini. Walikuja wote wawili, mzee kavaa kanzu ya Idi. Mtu ambaye kila siku aliniambia banda langu ni uwanja wa shetani, leo ananikumbusha nipandishe sauti. Nilimtazama nikajua: tumaini limemwingia. Nikamtafuta Miraji kwa macho, akainamisha kichwa.

Mechi ikaenda sare. Dakika za mwisho kocha akafanya mabadiliko, akaingia namba ishirini na nne. Banda likalipuka, "Mudathir! Mudathir!" Waliotunga uongo wenyewe wakausahau, wakaushangilia. Mzee Zubeiri kasimama mbele ya televisheni, kaziba nusu ya kioo, na hakuna aliyemwambia kaa. Bi Kijakazi peke yake hakupiga kelele. Alimtazama yule kijana akikimbia, mara moja, mara ya pili, akashusha buibui usoni.

"Hakimbii hivyo," akasema polepole. Nilimsikia kwa sababu nilikuwa karibu.

Wakaenda kwenye matuta. Penalti ya mwisho ikamwangukia yeye, ishirini na nne, akikosa wametoka. Alipoinama kuuweka mpira, kamera ikamsogelea hadi uso ukajaa televisheni yote. Mtoto wa Kiarabu, ndevu changa, macho yamemtoka kwa hofu. Mzuri tu, kijana wa watu, lakini Mudathir hakuwa na hata unywele wa kufanana naye.

Kijana akapiga, ukagonga mwamba ukatoka nje. Akapiga magoti pale pale, kajifunika uso.

Nikasikia mtu analia karibu yangu. Nikadhani ni Bi Kijakazi. Alikuwa Mzee Zubeiri. Yeye aliyemzika mtoto miaka yote hii, siku chache tu za uongo wa Miraji zilimfufulia, na sasa alifiwa mbele yetu sote. "Nilijua," alikuwa akisema, "nilijua, nilijua," na kwa mikono miwili ameishika televisheni yangu kama anayezuia mtu asiondoke. Miraji alitoka nje.

Bi Kijakazi aliinua buibui. Macho makavu. Alimtazama yule kijana aliyekuwa bado kapiga magoti.

"Maskini," akasema. "Huyu mama yake anamwona."

Kisha akamshika mumewe mkono, akavibandua vidole kimoja kimoja kwenye kioo.

"Inuka, baba Mudathir. Twende tukamsomee mtoto."