Sinia Nililolirudisha Ndani

Watu wa Temeke wa enzi za Mwingereza wakinitaja, hunitaja kama yule mwanamke aliyewanyima waume za watu futari mwezi wa Ramadhani. Ni kweli niliwanyima, na nikipata mwezi mwingine kama ule nitawanyima tena.

Mume wangu alikuwa kuli bandarini. Huko gatini, kuli aliyesimama bure alifokewa na nyapara, lakini aliyesimama na sigara mdomoni aliachwa apumzike. Basi wakavuta wote, wapate kupumzika. Baadaye kikaja kikohozi. Ikafika mahali mume wangu hawezi kutoka kisimani na ndoo ya maji mpaka mlangoni bila kuketi njiani, ameshika kifua. Daktari akamwambia aache sigara, la sivyo kifua kile kitamtoa roho. Alirudi nyumbani amenyong'onyea.

"Mke wangu, nitaachaje? Saa moja tu bila sigara, mie kichwa kinataka kupasuka."

Nilimwamini, mpaka Ramadhani ilipoingia. Mwanamume huyohuyo alifunga kutwa nzima, tena na magunia begani, wala kichwa hakikupasuka. Na hakuwa peke yake. Wanaume wa mtaa walikuwa wakifuturu barazani kwetu. Kila nyumba ilileta sinia lake, wakala pamoja kwenye mkeka. Lakini adhana ya magharibi ikilia tu, mikono iliziruka tende ikaenda kwenye kiberiti. Tumbo tupu tangu alfajiri, na cha kwanza kuingia ni moshi! Mume wangu alikohoa mpaka machozi yakamtoka, wenzake wakimpigapiga mgongo kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika sigara.

Hasira zilinipanda. Kesho yake nilisimama mlangoni na sinia langu la mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga, nikasubiri. Kiberiti kilipowaka tu, niligeuka nikarudisha sinia ndani.

"We mama, unatunyima futari?" alipiga kelele mzee mmoja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. "Huogopi dhambi?"

"Shikamoo, mzee," nilimjibu. "Dhambi nitaulizwa mie. Mmekaa kutwa bila sigara na hakuna aliyekufa. Sasa kaeni mpaka mshibe."

Wake zao walinicheka, kisha nao wakaanza kuyashikilia masinia yao. Wanaume hawakuwa na la kufanya. Kwanza walivumilia mpaka baada ya kula, halafu mpaka baada ya tarawehe. Wawili watatu walinuna wakahamia baraza la mtaa wa pili, nami nikawatakia safari njema. Mume wangu hakuwa na pa kuhamia. Mwezi ulipokuwa ukingoni, alikuwa akifuturu, akisali, akilala, hajagusa sigara hata moja.

Nilichoogopa ni Idi. Siku hiyo kufunga ni haramu, na mimi sikuwa na sinia la kurudisha ndani. Asubuhi baada ya swala, mzee yuleyule alikuja barazani na kanzu yake mpya, akamnyooshea mume wangu sigara.

"Haya, mwezi umekwisha. Mkeo hana neno tena."

Kweli sikuwa nalo. Nilisimama mlangoni mikono mitupu, naona jinsi mume wangu anavyoitazama sigara ile.

"Ngoja magharibi," alisema.

Mzee alicheka, akaondoka. Magharibi alirudi kweli, na kiberiti chake mkononi. Alimkuta mume wangu anatoka kisimani na ndoo imejaa. Aliipitisha mbele yetu sote bila kuketi njiani, akaitua mlangoni pangu.

"Haya, magharibi ndiyo hii," mzee alimwambia.

"Ngoja ya kesho," mume wangu alimjibu, wala hakukohoa.