Injini ya Pistoni Sita

Nilipoolewa, katika ile miaka ya hamsini, baba alipokea ng'ombe wa mahari yangu, akawatazama kidogo wakila majani pale kijijini kwetu Karuba, kisha akaanza kuota injini. Alikuwa na gari kuukuu alilonunua kwa Mbelgiji mwenye shamba, gari zuri la viti vya ngozi, ila injini ilikuwa imekufa. Fundi mmoja wa mji wa Sake alikuwa na injini mbili za kuuza. Ile ya pistoni nne ingekula nusu ya ng'ombe wangu. Ile ya pistoni sita ingewamaliza wote.

Mama alimwambia baba wazi, mbele ya fundi.

"Papa, kamata ile ndogo. Itapanda polepole, lakini itapanda. Ng'ombe zingine zibakie. Mutoto akirudia kwetu, tutarudisha nini?"

"Mutoto wangu hatarudia," baba akajibu. "Na milima ya Masisi haiko ya kucheza. Nataka ya nguvu."

Nguvu aliipata. Wakati wa kiangazi gari lilipita Mushaki likinguruma hadi mbuzi wakakata kamba. Lakini kiangazi chetu ni kifupi. Mvua ikinyesha, injini ile nzito ililaza pua ya gari chini, magurudumu ya nyuma yakawa mepesi, yakazunguka bure kwenye tope. Kadiri baba alivyokanyaga mafuta, ndivyo alivyozidi kuchimba shimo. Abiria aliowabeba kwenda sokoni walishuka wakasukuma, na siku ya soko iliyofuata wakaenda kwa miguu. Ukipenda, chongo utaita kengeza: baba alisema ubaya ni wa barabara.

Mimi nilikuwa napigwa na mume wangu. Sitalipamba jambo hilo. Siku aliponipiga mpaka jicho likavimba likafungika, nilirudi kwetu na mkeka kichwani. Kwa desturi yetu, mwanamke hatoki kwa mumewe mpaka mahari irudishwe. Isiporudi, yeye bado ni wa kule. Mume wangu akaja na baba yake.

"Ng'ombe zetu ziko wapi?" baba mkwe akauliza.

Baba akawapeleka kwenye gari, akafunua boneti, akaionyesha injini kwa kidole. "Njo hizi."

Baba mkwe akainama, akatazama kile chuma kwa makini.

"Inazala ndama?"

Mama aliingia jikoni akafunga mlango. Nilimchukia baba siku ile, na nimezeeka bado sijamaliza kumchukia.

Ng'ombe hawakuwapo, ikabidi nirudi kwa mume wangu. Kwa aibu, baba akasema atatupeleka mwenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mlima wa kwanza magurudumu yakaanza kuzunguka palepale. Baba akatoa kichwa dirishani, bila kunitazama, akatuomba tushuke tusukume.

Mume wangu alishika upande mmoja, baba yake upande wa pili, mimi katikati. Tope likaniruka usoni, kwenye lile jicho. Nikasukuma mpaka gari likapanda, kisha nikaingia ndani, nikaketi kando ya mume wangu.