Mwaka Niliokula kwa Dada

Nilipochukuliwa kuuza bima, nilimwambia dada yangu kwamba nimepata kazi ya ofisi. Ofisi ilikuwepo kweli, chumba kimoja juu ya duka la dawa, chenye meza, viti viwili na kalenda ya kampuni. Kilichokosekana ni mshahara. Bwana aliyetoka Kigali kutuandikisha alieleza kwamba wakala hulipwa kamisheni: akiuza anapata fungu lake, asipouza hapati kitu. Alilisema hilo upesi upesi, kisha akatusisitizia sana habari ya kuvaa tai.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Karagwe, upande wa Tanzania, tulikozaliwa na tulikowazika wazazi wetu. Dada alikuwa mjane mwenye watoto wawili, fundi cherehani sokoni Gisenyi, na sote tulikaa katika vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Nengo. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, Kifaransa cha kuokoteza, na Kiswahili ambacho watu wa mjini walikicheka, wakisema ninaongea kama redio. Dada alinishonea suruali mbili za kazini kwa kitambaa alichokuwa amekiweka kwa ajili ya mwanawe mkubwa. Majirani waliponiona nikitoka asubuhi na tai, walianza kuniamkia kwa heshima, nami nikaipokea heshima ile bila kuwasahihisha.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwauzia wafanyabiashara bima ya moto kwa maduka yao, na bima ya mizigo kwa wenye malori. Watu wa Gisenyi walijua bima moja tu, ile karatasi ya kubandika kwenye kioo cha gari ili polisi wasikusumbue. Waliiita asirans. Kumweleza mtu kwamba hata saruji yake, au unga wake, unaweza kuwa na asirans, kulikuwa kama kumwambia amnunulie viatu mbuzi.

Wa kwanza niliyemwendea alikuwa Haji mmoja muuza mabati na saruji, mtu wa familia ya Kiislamu ya biashara za tangu zamani. Alinikaribisha vizuri, akaniagizia chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Na vita je? Iko ndani?"

Mkataba ulisema wazi kwamba vita na uasi havimo. Miaka ile barabara ya kwenda Ruhengeri ilipitwa kwa msafara wenye askari, na kila mtu mjini alikuwa na jambo la kusimulia, au la kunyamazia. Nilimjibu kwamba vita haimo.

"Bon, basi," alisema. "Kunywa chai, kijana."

Hakucheka wala hakunifukuza. Lakini nilipokuwa nikimalizia ile chai niliona aibu kana kwamba nimekwenda msibani kuuza mapambo. Mtu aliyekwisha kuona kila kitu kikiungua, mimi nilimletea kinga ya mshumaa ulioanguka.

Wengine hawakuwa na subira yake. Mama mmoja aliyeuza vitenge karibu na barabara ya mpakani alimtuma msichana wake aniambie amekwenda Goma, ng'ambo ya mpaka, hali miguu yake naiona chini ya pazia. Nilisema nitarudi. Miguu haikutikisika. Mwenye tanuri la mikate alinisikiliza huku akiendelea kuwapanga wafanyakazi wake, kisha akaniuliza kama kampuni yetu inanunua mikate.

Miezi ya mwanzo ilipita hivyo. Jioni dada aliniuliza kazi imekwendaje, nami nikasema inakwenda. Alinipakulia chakula, na nilijua kwamba yeye anajipakulia kidogo. Mchana sikula. Nilikuwa nikishuka mpaka ufukweni mwa ziwa, nakaa nikiyatazama maji, nikijifanya nasubiri mtu, hadi saa za watu kula zipite. Siku moja nilihisi kizunguzungu mbele ya kaunta ya duka, nikashika meza, na mwenye duka akaniuliza kama nina malaria. Nikasema ndiyo. Habari ile ilimfikia dada kabla sijafika nyumbani, maana mji ni mdogo. Alinipikia uji tu, akakaa karibu yangu mpaka nikaumaliza.

Haukupita muda mrefu, mambo yakabadilika. Haji wa mabati aliniita mwenyewe, akataka bima ya moto kwa ghala lake. Baadaye yule mama wa vitenge akaniita akiwa mbele ya pazia. Akafuata mwenye tanuri, na mfanyabiashara aliyekuwa akikusanya viazi vijijini Bugeshi na Kanzenze kwa lori lake. Nilidhani nimejifunza kazi. Nilikuwa nimebadili namna ya kuanza mazungumzo, nikaamini hiyo ndiyo siri. Kigali walinisifu. Walipowaleta mawakala wengine wawili, waliniomba niwaeleze jinsi ninavyofanya, nami nikasimama kwenye chumba kile na kuwafundisha kwa nusu ya asubuhi namna ya kuusoma uso wa mteja.

Hilo hunichoma kila nikilikumbuka, lakini liko linalonichoma zaidi. Jioni moja, dada akiwa amechoka, macho mekundu, nilimwambia kwamba tatizo lake ni moja: hajui kuongea na wateja. Nilimwambia fundi hodari kama yeye hakupaswa kuwa na kazi nyingi hivi na pesa kidogo hivi. Alikuwa akiumenya muhogo. Alinitazama, akasema, "Labda utanifundisha."

Niliyafahamu yaliyokuwa yakitendeka siku niliyokwenda kwa mwenye tanuri kumwona kuhusu hati ya bima yake. Alikuwa na haraka, na hakuwa na nia mbaya. Alidhani najua.

"Ambia dada yako amalize zile nguo za arusi ya mutoto wangu," alisema. "Mi nilishaweka saini kwa asirans yako. Nguo ziko wapi? Arusi iko karibu."

Nilimwuliza nguo zipi. Akaniorodheshea: gauni la bibi arusi, za wasimamizi, na za mama wa pande zote mbili. Kisha akauona uso wangu, akajishughulisha na mlango wa tanuri.

Nilikwenda sokoni moja kwa moja. Dada alikuwa ameinama juu ya cherehani, na pembeni yake palikuwa na rundo la vitambaa. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi bila kulitazama. Sasa nilivitambua vitenge vya yule mama, na kanzu nyeupe za watoto wa Haji.

"Hawa wanakulipa?" nilimwuliza.

Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Mdogo wangu, ulikaribia kuanguka dukani kwa njaa, ukamwambia mtu ni malaria."

"Nimekuuliza kama wanakulipa."

"Wamelipa. Wamelipa kwako."

Alikuwa amewazungukia mmoja mmoja, wengine kupitia wake zao waliokuja kupimwa. Hakuwadanganya juu ya bima. Aliwaambia ana mdogo wake msomi, mwaminifu, anayekonda, na kwamba atakayemsikiliza atashonewa bure. Haji peke yake alitaka kulipia kanzu, naye dada akakataa, akiogopa kwamba atajiona hana deni na asirudie mkataba mwakani.

Mapato yangu ya mwaka ule wa kwanza, kamisheni yote iliyotoka Kigali, hayakufikia ambayo dada angetozwa kwa nguo zile. Sikuhitaji kalamu kulijua hilo. Na katika mapato hayo nilikuwa nimejinunulia viatu.

Nilitaka kuacha. Dada alikasirika, mara moja tu katika mambo haya yote. Alisema nikiacha, nguo zile zitakuwa zimeshonwa bure kweli. Basi kila nilipotoka kazini nilikwenda sokoni, navua tai, napiga pasi ya mkaa nguo za wateja wangu na kukata nyuzi zilizoning'inia. Watu walipita, wakaniona. Yule mama wa vitenge alisimama akanitazama nikinyoosha mkono wa blauzi yake, akaniamkia kwa upole kuliko siku zote, na upole ule niliona heri angenicheka.

Katika masika, lori la mfanyabiashara wa viazi lilipinduka kwenye utelezi likishuka kutoka Bugeshi. Dereva alivunjika mguu, akapona. Viazi vilitapakaa bondeni na lori likaharibika vibaya. Hapakuwa na vita wala uasi, ni mvua na matope tu, kwa hiyo kampuni haikuwa na pa kujifichia. Hata hivyo ilichelewa. Nilikwenda Kigali, nikakalia benchi, nikarudishwa kutafuta karatasi nyingine, nikaenda tena. Katika kazi yangu yote hakuna jambo nililolifuatilia kwa woga kama lile. Kama wasingelipa, aliyekuwa amemwahidi yule bwana hakuwa mimi, alikuwa dada.

Walilipa. Mfanyabiashara alikuja sokoni na gunia la viazi mgongoni mwa mchukuzi. Nilikuwa nimesimama pale na pasi mkononi. Alinipita, akainama kumpa dada mikono yote miwili.

"Asante sana, mama fundi. Asirans yako imenisaidia."

Dada alimwambia aliyekwenda Kigali ni huyu hapa. Yule bwana akageuka, akanipa mkono, akasema ndiyo, ndiyo, anajua. Kisha akaendelea kuzungumza na dada juu ya dereva wake na mvua.

Baada ya hapo watu walianza kuulizia bima bila kuombwa, nami mwaka wa pili niliweza kulipa kodi ya nyumba. Lakini kwa muda mrefu hawakuja ofisini. Walikwenda kwenye cherehani, wakamwuliza dada kama ile kitu ni ya kweli, na akiwaambia ndiyo, ndipo walipopanda ngazi kunitafuta. Niliwaandikia mikataba yao kwa mwandiko mzuri. Nilipowasomea sehemu isemayo vita haimo, wengi walisema fundi alikwisha kuwaambia.